Seli Zilizong'oka Figoni



Mtoto wa Pemba akikojoa damu, bibi yake hangoji daktari amtajie ugonjwa. Atasema ni kichocho, na kwa miaka mingi kule visiwani na katika mwambao huu bibi amekuwa akisema kweli. Damu ya kichocho ina tabia zake. Huja mwisho wa kojo, matone mekundu yanayofuatana na maumivu. Mtaalamu wa maabara huomba mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa kuwa ndipo mayai hutoka kwa wingi. Huchuja mililita 10, huweka chujio chini ya hadubini, na yai hujitambulisha lenyewe kwa mwiba wake wa mkiani. Dawa ipo, praziquantel, na haina gharama kubwa.

Sasa mfikirieni mtoto wa pili, jirani yake. Mkojo wake una rangi ya chai ya rangi tangu mwanzo wa kojo hadi mwisho, na hasikii maumivu. Asubuhi huamka amevimba macho. Pengine wiki tatu nyuma alikuwa na vidonda vya ngozi vilivyokauka vyenyewe na kusahauliwa. Damu ya mtoto huyu haikutoka kibofuni. Imepenya kwenye vichujio vya figo. Akipewa dawa ya kichocho ataimeza na figo zitabaki na ugonjwa wake. Na kijiti cha kupimia mkojo, kile tunachokichovya na kukisoma kwa rangi, hakiwezi kuwatenganisha watoto hawa wawili. Kinajua kwamba pana damu, basi.

Chembe iliyomo mkojoni imetoka wapi? Hilo ndilo swali ninalotaka kulifuata jioni hii. Linaonekana dogo, lakini limewashughulisha watu kwa muda mrefu, na jibu lake la kisasa, yaani kuipaka chembe kingamwili ili ijitaje, lina uzuri mwingi na mitego si haba.

Jibu la kwanza lilikuwa la macho tu kwenye hadubini. Mwaka 1979, Birch na Fairley wa Melbourne, Australia, walieleza katika jarida la Lancet kwamba chembe nyekundu zilizopita kwenye kichujio cha figo hutoka zimeharibika umbo: nyingine zimekatika pembeni, nyingine zimeota vinundu, nyingine zimekuwa kama pete. Zile zilizovuja kwenye kibofu au kwenye njia ya mkojo hubaki duara, zinafanana zote. Baadaye wenzao wa Ujerumani wakaichagua aina moja, chembe yenye umbo la pete na vinundu kwa nje, wakasema ikifikia asilimia 5 ya chembe nyekundu zote basi figo ndiyo ya kushukiwa. Mimi nakiona kipimo hiki kuwa ndicho kinachodharauliwa kuliko vyote katika hospitali zetu. Hakihitaji dawa ya kuagizwa. Kinahitaji mkojo mbichi, hadubini nzuri, na mtu aliyefundishwa akakaa nao dakika kumi.

Lakini umbo ni ushahidi wa kubishaniwa. Mkojo mwepesi mno hupasua chembe, na mkojo uliokaa huzikunja. Wataalamu wawili wanaweza kutazama slaidi moja na kutoa hesabu mbili. Ndiyo maana watu walianza kutafuta alama isiyotegemea jicho la mtazamaji.

Alama ya mwanzo waliyoijaribu ni uromodulini. Ni protini ambayo Tamm na Horsfall waliitenga kutoka kwenye mkojo mwaka 1950 huko New York walipokuwa wakichunguza virusi, na ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote katika mkojo wa mtu mzima mwenye afya. Hutengenezwa na seli za sehemu moja tu ya mirija ya figo. Hoja ikawa hivi: chembe nyekundu iliyotoka kwenye kichujio lazima ipite kwenye mirija hiyo, kwa hiyo itavikwa uromodulini, iliyotoka kibofuni haikupita huko. Ipake kingamwili inayoshika uromodulini, kisha tazama ipi inang'aa. Miaka ya 1990 zilitoka ripoti zenye matumaini. Hata hivyo msikilizaji makini ameshaona tundu: mkojo unaofika kibofuni nao umejaa uromodulini, na chembe inayovuja humo huogelea ndani yake mpaka mtu aende chooni. Kipimo hakikuingia katika kazi za kila siku.

Kabla sijafika kwenye seli ninayoipenda zaidi, niseme kidogo kuhusu kazi yenyewe ilivyo, maana wengi wenu mmesikia habari za kingamwili lakini hamjawahi kuwa mezani.

Kingamwili ni protini ambayo mwili huitengeneza ili kushika kitu kimoja mahususi. Albert Coons wa Harvard aliwaza kuifunga rangi inayong'aa, na mwaka 1941 yeye na wenzake wakachapisha kwamba inawezekana: kingamwili ilibeba rangi na bado ikashika kile ilichozaliwa kukishika. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, wakiwa Cambridge, Uingereza, wakaonyesha namna ya kufuga seli zinazotoa kingamwili ya aina moja tu, bila kuchanganya, kwa kiasi chochote unachotaka. Wakapata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Tangu hapo kingamwili imekuwa kitu cha kuagiza kwenye chupa.

Mezani mambo huenda hivi. Kikopo kinafika. Unamimina mililita kadhaa kwenye mrija wa plastiki na kuuzungusha kwenye sentrifuji polepole. Ukizungusha kwa nguvu unaziponda seli unazozitafuta. Unamwaga maji ya juu na kubaki na mashapo, tone moja la ukungu chini ya mrija. Unayaosha kwa maji ya chumvi yenye kiasi cha asidi kilichopimwa, mara mbili au tatu, maana mkojo wenyewe ni adui. Unayatandaza kwenye slaidi, unayakausha, unayagandisha kwa asetoni baridi ili seli zisitiririke. Kisha unaweka protini ya kufunika sehemu zote zenye kunata, ndipo unadondosha kingamwili ya kwanza, na slaidi inawekwa ndani ya kisanduku chenye unyevu isikauke. Baada ya saa moja unaosha, unaweka kingamwili ya pili iliyobeba rangi, ambayo kazi yake ni kuishika ile ya kwanza, unaosha tena, na unaingia chumba chenye giza.

Kinachoonekana ni uwanja mweusi. Hapa na pale viini vya seli vimepata rangi ya bluu kutokana na dawa nyingine. Na ukibahatika, kimoja kati ya viini hivyo kimezungukwa na ukingo wa kijani. Hiyo ndiyo seli iliyokubali jina uliloliita.

Jina gani? Hapa ndipo tunafika kwa podosaiti.

Figo mbili za mtu mzima huchuja takriban lita 180 za maji ya damu kwa siku na kurudisha karibu zote. Kila figo ina vichujio vipatavyo milioni moja, na kila kichujio ni kifundo cha mishipa myembamba. Juu ya mishipa hiyo, kwa nje, zimekaa podosaiti. Zina miguu, miguu ina vidole, na vidole vya seli moja huingiliana na vya jirani kama vya mtu aliyefumbata mikono yake miwili. Katika nafasi iliyobaki kati ya kidole na kidole umetandazwa utando ambao ndio mlango wa mwisho wa kuzuia protini za damu zisipotee. Nefrini, protini kuu ya utando huo, ilitambuliwa mwaka 1998 na kundi la Karl Tryggvason kwa kufuatilia watoto wa Finland waliokuwa wakizaliwa na mkojo uliojaa protini. Podosini, jirani yake, ilifuata mwaka 2000 kutoka Paris.

Podosaiti aliyekomaa hagawanyiki. Kila kichujio kina takriban 500 hadi 600, na anayeng'oka haachi wa kuziba pengo lake. Majirani hulazimika kujinyoosha kulifunika. Uzito wa jambo hili ulionyeshwa mwaka 2005 huko Ann Arbor, Michigan, na kundi la Roger Wiggins. Walitengeneza panya ambao podosaiti zao pekee ndizo zinazodhurika kwa sumu ya bakteria wa dondakoo, wakawapa sumu hiyo kwa viwango tofauti. Waliopoteza chini ya asilimia 20 walivuja protini kwa muda na vichujio vikabaki na athari ndogo. Waliopoteza kati ya 20 na 40 walipata makovu ya sehemu sehemu. Waliovuka 40 walipata makovu makubwa na utendaji wa figo zao ukashuka. Kwa maneno mengine, ugonjwa mwingi wa figo ni hesabu ya podosaiti waliobaki. Na wale walioondoka wameondokea wapi? Hakuna njia nyingine isipokuwa mkojo.

Mjapani Masanori Hara alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuwatafuta huko kwa bidii. Katika miaka ya 1990, yeye na wenzake walipaka mashapo ya mikojo ya watoto wagonjwa kingamwili inayoshika podokaliksini, protini inayofunika uso wa podosaiti. Waliziona seli nzima, na pamoja nazo vipande vidogo vidogo kama vumbi, ambavyo walivitambua kuwa ni ngozi ya juu ya seli iliyomeguka kabla seli haijang'oka. Jambo lililowavutia madaktari ni tofauti ya wagonjwa. Kuna watoto wanaovimba mwili mzima kwa kupoteza protini huku vichujio vyao, vikitazamwa kwa hadubini ya kawaida, vikionekana salama. Hao hupona kwa prednisoloni. Na kuna wengine wanaovimba vilevile lakini vichujio vyao vinaota makovu, na prednisoloni mara nyingi haiwafikishi mbali. Mkojo wa kundi la kwanza ulikuwa na podosaiti wachache mno au hakuna. Wa kundi la pili ulikuwa nao.

Nawaomba mfikirie maana yake kwa hospitali ya mkoa. Kwa utaratibu wa kitabu, watoto hawa hutenganishwa kwa kuchukua kinyama cha figo: sindano ndefu inayopita mgongoni ikiongozwa na altrasaundi, mgonjwa akilazwa usiku kucha kwa kuogopa damu kuvuja, kisha kipande kisichozidi unene wa uzi kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia ambaye katika nchi zetu anaweza kuwa mkoa mwingine kabisa. Na kipande hicho kitaonyesha vichujio kumi, ishirini kama mkono wa daktari una baraka, kati ya milioni mbili. Mkojo unakusanya kutoka vyote, na unaweza kuuomba tena wiki ijayo, na ijayo nyingine, bila kumchoma mtu.

Kwa hiyo mbona hatukifanyi kipimo hiki kila mahali?

Sababu moja ni kwamba kingamwili inashika kile kilichopo, si kile unachokitaka. Podokaliksini ipo pia kwenye seli zinazotanda mishipa ya damu. Chembe nyeupe zina mikono juu yake inayodaka kingamwili yoyote kwa mkia, hata isiyozihusu. Seli iliyokufa hunata kila kitu. Seli bapa za ukeni, ambazo hujaa kwenye mkojo usiokingwa vizuri, zinaweza kung'aa zenyewe kabla hujaweka chochote. Maabara makini huandaa slaidi ya pembeni isiyopewa kingamwili ya kwanza. Ikiwa nayo inang'aa, matokeo ya siku hiyo yanakwenda kwenye ndoo. Nikisoma makala isiyotaja slaidi hiyo huwa naifunga.

Sababu ya pili ni kubwa kuliko hiyo. Seli inayong'oka ni seli iliyougua, na seli iliyougua hupoteza alama zake. Mfano mkali ni ugonjwa wa figo unaoletwa na virusi vya UKIMWI, ambao Afrika yetu inaujua vizuri. Mwaka 1999 Barisoni, D'Agati na wenzao walionyesha kwamba podosaiti wa wagonjwa hao huacha kutengeneza protini za utu uzima wake na kurudia hali ya seli changa. Ukiipaka kingamwili ya alama za podosaiti aliyekomaa, haiitikii. Mgonjwa aliye mahututi kuliko wote anaweza kukupa slaidi nyeusi, na ukaandika kwenye fomu kwamba hakuna kitu.

Tumewahi kuona shauku ikipanda na kushuka. Mwaka 1974 Thomas, Shelokov na Forland waliandika katika New England Journal of Medicine kuhusu bakteria waliovikwa kingamwili. Wazo lao lilikuwa safi: maambukizi yakiwa figoni, mwili hutoa kingamwili dhidi ya bakteria na kuwavika, yakiwa kibofuni tu, haufanyi hivyo. Chukua mkojo, weka rangi, tazama bakteria wakiwaka, nawe umejua figo zimeshambuliwa au la. Kwa miaka kadhaa kipimo kilijaribiwa kila upande. Kisha wakaonekana wagonjwa wa kibofu wanaowaka na wagonjwa wa figo wasiowaka, hasa watoto, na pia wanaume wenye maambukizi ya tezi dume wakawaka bila figo kuguswa. Kikaachwa. Hakuna aliyedanganya. Mwili ndio haukuwa umesoma ile hoja.

Ndiyo maana habari ya wajawazito naisimulia kwa tahadhari, ingawa ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka 2007 Vesna Garovic na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichukua mikojo ya wanawake wenye preklampsia, yaani shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Walizilaza seli za mkojo usiku kucha kwenye slaidi zilizopakwa kolajeni, ili zilizo hai zijishikize, kisha wakazipaka kingamwili ya podosini. Katika kundi lao dogo kipimo kilitenganisha wagonjwa na wazima bila kukosea hata mmoja. Baadaye kundi hilohilo likaripoti kwamba podosaiti huonekana hata kabla protini haijaanza kuvuja. Mkunga yeyote anayejua kinachotokea wodini mama akifikishwa tayari anatetemeka ataelewa kwa nini habari hizo zilipokewa kwa furaha. Lakini mwaka 2012 watafiti wa New York, wakitumia wajawazito waliokuwa tayari na hatari nyingine, walipata matokeo dhaifu: wagonjwa wengi hawakutambuliwa na wazima kadhaa walionekana wagonjwa. Wenye kisukari na wenye figo mbovu tangu kabla ya mimba nao hung'oa podosaiti. Ukipima watu waliochaguliwa kwa usafi, kipimo hung'aa. Ukikileta kliniki ya kawaida ya Jumatatu, hufifia.

Pana mahali pamoja ambapo kingamwili juu ya seli za mkojo imefanya kazi bila kelele, nalo ni kwa waliopandikizwa figo. Wagonjwa hawa humeza dawa za kupunguza kinga maisha yao yote, na kuna kirusi kiitwacho BK, kilichotengwa London mwaka 1971 kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa aliyepandikizwa figo na kupewa herufi za jina lake, ambacho wengi wetu tumeambukizwa utotoni bila kujua. Kinga ikishushwa, kinaamka na kuila figo mpya. Seli za mirija zilizoambukizwa huanguka mkojoni zikiwa na viini vilivyovimba, na kwa mtazamaji asiye mzoefu huonekana kama saratani. Hapo kingamwili iliyotengenezwa kwa ajili ya protini ya kirusi cha nyani, SV40, hukishika na hiki cha binadamu kwa sababu ni ndugu, na shaka inaondoka. Siku hizi kipimo cha vinasaba vya kirusi katika damu ndicho kinachotangulia. Tanzania ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo Muhimbili, Novemba 2017, kwa hiyo kwetu somo hili si la kusoma tu vitabuni.

Nimeulizwa mara nyingi kama tununue hadubini za mwanga wa rangi na chupa za kingamwili. Jibu langu huwakera wenye fedha za miradi. Ninapouliza kikopo cha mkojo kimekaa saa ngapi kabla ya kufika kwenye sentrifuji, huwa sipati jibu. Kimekusanywa saa moja asubuhi, kimekaa dirishani mpaka mhudumu amalize zamu ya wodi tatu, kimefika saa sita kikiwa na joto la Dar es Salaam. Chembe nyekundu zimepasuka, podosaiti amekufa, bakteria wamezaana. Kingamwili ya bei yoyote itapaka maiti. Mhudumu anayebeba trei, ambaye hakuna semina inayomwalika, ndiye anayeamua kama kipimo kitasema kitu. Ningekuwa na fedha ningeanza na yeye, na sentrifuji inayopimwa kasi yake kila mwaka, na wataalamu wa maabara kumi wanaojua kuitambua ile chembe yenye pete na vinundu.

Hilo haliniondolei hamu ya hatua inayofuata. Berlin, kundi la Philipp Enghard wa hospitali ya Charité limekuwa likihesabu chembe nyeupe za aina ya T katika mikojo ya wagonjwa wa lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, zikiwa zimepakwa kingamwili na kupitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza. Mwaka 2014 walionyesha kwamba wingi wake hupanda figo zikiwaka na kushuka dawa zikifanya kazi. Mashine hiyo ya leza si ngeni huku. Ni ndugu wa zile tulizotumia miaka yote kuhesabia CD4 za wagonjwa wa UKIMWI, na baadhi ya wataalamu waliozifahamu wako hapa ukumbini. Wanachohitaji ni dawa ya kutia kwenye kikopo ili seli zibaki na sura zake siku mbili tatu, katika joto letu, ndani ya basi la kutoka Masasi. Watafiti wa Ulaya wanaishughulikia kwa sababu nao wana wagonjwa walio mbali na maabara. Nani kati yenu ataijaribu kwa nyuzi joto 34 ndilo swali langu kwenu kabla hamjaniuliza yenu.